Mwaka Niliofasiri Kujitegemea

Espérance alinikuta kwenye foleni ya chakula Houston, katika ukumbi uliokodiwa kwa ajili ya msiba wa Mtanzania mwenzetu niliyesoma naye uuguzi. Sikumtambua. Nilimwona mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, akinikodolea macho. Akasema, "Shikamoo, Aunt Rehema," nami nikaitika marahaba kabla sijajua namwitikia nani. Kisha akataja jina la mama yake, na sahani ya pilau ikanilemea mkononi. Hakuwa na maneno mengi. Aliniambia ana watoto wawili, anafanya kazi maabara, anapima damu za watu. Halafu hapo hapo, waombolezaji wakitupita na sahani zao, akauliza kilichomleta kwangu: "Ile simu ya mwisho, mama alisema nini? I mean, everything. Fomu ya shirika niliiomba nikapewa. Fomu inasema yuko fine. Lakini wewe ndiye ulikuwa kwenye line." Nikamwambia hapa si mahali pake. Hakubisha. Akatoa simu, akafungua kalenda, akanipa Jumamosi ya wiki mbili mbele, kuanzia saa nane hadi saa tisa mchana. Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili za kuamua kama nitamwambia ukweli, au nitampa kile tunachowapa yatima wote, kwamba marehemu alikufa akikutaja kwa wema. Haya nilianza kuyaandika ndani ya wiki hizo.

Mwaka anaouulizia Espérance nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilijiona nimeshaijua Amerika mpaka uvunguni. Nilikuwa nakaa Carrollton, kando ya Dallas, chumba na sebule, pamoja na Wanjiku, nesi wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi wodi ya wazee na kulala mchana na soksi miguuni. Asubuhi nilisoma masomo ya kuingilia uuguzi, na mchana nilikuwa mkalimani wa shirika moja lililopokea wakimbizi. Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Niliamka nikiwa na sauti moja, nikaenda kazini nikawa na mbili, na watu wazima wa umri wa kunizaa mara mbili walinyamaza kunisikiliza. Kijana anayesikilizwa na wazee ana hatari yake, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Darasa la wageni lilifanyika mtaa wa Vickery Meadow, katika ukumbi wa chini wa majengo ya kupanga ambako shirika liliwaweka watu wake. Nje kulikuwa na joto la Agosti linalochoma soli za viatu. Ndani kiyoyozi kilivuma baridi kali, na akina mama wa Kikongo walikaa wamejitanda vitenge hadi masikioni. Kapeti ilinuka sabuni na mbwa. Mbele alisimama Denise, afisa wa shirika, mwanamke wa miaka hamsini na kitu kutoka kijiji kimoja cha magharibi ya Texas, mwenye mikono ya mtu aliyekulia shambani. Nitasema mapema kwamba Denise hakuwa mtu mbaya, maana najua msomaji ameshaanza kumtafuta mbaya wa hadithi hii. Nilimwona kwa macho yangu akipandisha magodoro mgongoni hadi ghorofa ya tatu, jasho likimtiririka, ili familia fulani isilale sakafuni. Na aliyafundisha maadili ya Amerika kwa sababu aliyaamini, kwa jinsi bibi yangu alivyoamini sala tano. Aliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Muda. Kazi. Kujitegemea. Faragha. Na la mwisho, alilolipigia mistari miwili: Sema. "Ukihitaji kitu, sema," alikuwa akirudia kila wiki. "Hapa hakuna atakayekusomea moyoni. Ukisema, tutakimbia. Usiposema, hatutajua."

Mimi nikayapeleka kwa Kiswahili, na nikayapamba. Kujitegemea kulinipa raha ya pekee, maana neno lile nililiimba shuleni nikiwa na kaptula ya michezo na jembe begani. Nilisahau kwamba tuliliimba mia tatu kwa pamoja, tukilima shamba moja. Nikawapa na methali juu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukumbi ukacheka. Mzee mmoja akauliza, "Na hapa jembe banapana kisha siku ngapi?" Nikamuuliza Denise, akasema siku tisini. Wakacheka tena, safari hii kwa shukrani, wakaona Wamarekani ni wakarimu kuliko wahenga. Tulipofika kwenye faragha, nikaeleza kwamba mambo ya mtu ni yake, na kwamba huku huendi kwa mtu mpaka umpigie simu kwanza. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. Alikuwa mnene, mwenye macho meupe, na binti wa miaka kumi na sita pembeni yake akiandika kila kitu kwenye daftari. "Mwanangu," akaniambia, "kama sina simu, basi sina jirani?" Denise alipofasiriwa akasema ni swali zuri, na kwamba kila familia itapewa simu. Huyo ndiye alikuwa Mama Espérance.

Alikuwa mjane, ametokea upande wa Fizi huko Kongo, akaishi miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Dallas na binti yake huyo mmoja. Tulipokwenda kumtembelea kwa mara ya kwanza, mimi na Denise, tulikuta meza imeshaandaliwa: bugali umefunikwa kwa sahani, sombe, kisamvu chao, yenye mawese, dagaa wa kukaanga waliotoka sijui duka gani la Garland. Chumba kilikuwa na meza hiyo, viti vinne visivyofanana na kalenda ya kanisa. Denise akasema kwa tabasamu kwamba tumeshakula. Hatukuwa tumekula. Shirika lilikataza kupokea chochote kwa mteja, nami nikafasiri kwa adabu zote kwamba sheria ya kazi hairuhusu. Mama Espérance akanitazama. "Sheria inakataza kula?" Nikamwambia, inakataza kupokea, mama. "Basi musipokee," akasema, akivuta kiti. "Mukule tu." Nilicheka mpaka Denise akataka kujua kuna nini, na nilipomweleza naye akacheka, lakini hakula. Na mimi sikula. Nilikaa mbele ya sombe ile kwa dakika arobaini nikimeza mate na kufasiri maswali ya fomu.

Fomu ilianza na hali ya afya. Denise akauliza anaendeleaje. "Muzuri, tunashukuru Mungu," akajibu. Denise akaweka alama. Sasa, ninyi mnaonisoma hamhitaji kuelezwa jambo hili. Kwetu mtu hajibu vibaya kwenye salamu ya kwanza. Hata aliyefiwa alfajiri huitika nzuri, kisha mnakaa, mnaulizana watoto, mnaulizana safari, na ukimuuliza kwa mara ya pili au ya tatu ndipo anashusha pumzi na kukupa habari yenyewe. Kuanza na shida ni kumtupia mgeni mzigo mlangoni. Basi siku ile, bila kufikiri, nikamuuliza tena kwa kichwa changu, "Na mwili je, mama? Usingizi unaupata?" Akainua kitenge kidogo akanionyesha miguu. Ilikuwa imevimba hadi vidole vimezama, na alipobonyeza kwa kidole gumba shimo likabaki. Nikamwambia Denise. Denise alisimama hapo hapo na simu mkononi, na kabla hatujashuka ngazi alikuwa ameshapata daktari. Ndivyo alivyokuwa, akisikia tu anakimbia. Daktari alisema moyo umechoka, akaandika vidonge vya kutoa maji mwilini na vingine vya moyo, na baada ya wiki tatu Mama Espérance alinionyesha vifundo vya miguu yake kwa fahari, kama msichana mwenye viatu vipya.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini. Bwana aliyesimamia wakalimani alikuwa mpole, ofisi yake ina mimea. Alisema amesikia nilichofanya, na nia yangu ni njema, lakini nimevunja kanuni. Mkalimani hana mazungumzo ya pembeni. Haongezi, hapunguzi, haulizi lake. Akaniambia maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu nikayapigia mstari: wewe ni sauti tu, wewe si ndugu yao. Akasema nikirudia wataniondoa kwenye orodha, na bila orodha nisingepata cheti, na bila cheti ningerudi kukunja mashuka hotelini. Nilitoka pale nimeona aibu, na aibu yenyewe, Mungu anisamehe, haikuwa ya kuonewa. Niliona aibu ya kutokuwa Mmarekani wa kutosha. Nyumbani nilimweleza Wanjiku, naye, akipaka mafuta miguuni kabla ya kulala, akasema, "Wee Rehema, hiyo si mbaya. Hao watu watakumaliza. Si u-do tu job yako, u-clock out, uende home? Mimi nikibeba kila mgonjwa kwa roho ningekuwa nimezikwa." Nikaona ana akili. Nikajirekebisha, na nilijirekebisha vizuri sana. Nilifika dakika kumi kabla ya saa. Niliacha kuuliza watu mama zao hawajambo. Mtanzania mmoja aliyezoea kuja kwetu Jumapili bila taarifa nilimwambia siku hizi tunapigiana simu kwanza, akacheka akidhani ni utani, halafu hakuja tena. Cheti kilipotoka nilikitundika sebuleni.

Simu anayoiulizia Espérance ilikuwa ya siku ya tisini. Baada ya hapo familia ilifungiwa jalada, ishike jembe lake. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Denise alikuwa ofisini kwake, Mama Espérance kwake Vickery Meadow, na mimi kwenye meza ya jikoni Carrollton, nimevaa vipokea sauti, chai pembeni. Maswali yalikuwa kumi na mawili. Nakumbuka nilivyofurahia ulaini wa kazi ile, swali linaingia Kiingereza linatoka Kiswahili, jibu linaingia Kiswahili linatoka Kiingereza, hakuna kinachomwagika. Nyumba iko sawa? Iko sawa. Binti anakwenda shule? Anakwenda. Chakula? Kiko. Lakini nilimsikia anavyopumua. Kila baada ya maneno mawili matatu alisimama kuvuta hewa, kisha akaendelea. Nilijiambia anakaa ghorofa ya tatu, pengine ametoka kupanda ngazi. Nilijiambia hivyo kwenye swali la pili, na kwenye swali la tisa nilikuwa bado najiambia hivyo, kana kwamba mtu anaweza kutoka kupanda ngazi kwa robo saa. Denise, kwenye kipaza sauti cha ofisi, hakuisikia pumzi ile. Alisikia sauti ya mwanamke ikisema Kiswahili, kisha akanisikia mimi.

Swali la kumi lilihusu afya. Nikauliza kama lilivyoandikwa: una tatizo lolote la kiafya? "Ah, hapana, mwanangu. Tuko muzuri. Mungu iko." Nikafasiri: hapana, tuko vizuri, Mungu yupo. Denise akasema vyema. Swali la kumi na moja: je, anatumia dawa alizoandikiwa? "Dawa nilikunywa," akasema, akavuta pumzi, "nikamaliza yote." Nikafasiri neno kwa neno. Amekunywa dawa, amezimaliza zote. Denise akafurahi. "Perfect," akasema, na nilisikia kalamu yake ikikwaruza. Mimi nimekulia mahali ambapo daktari akikupa dawa unakunywa dozi, dozi ikiisha umepona. Nilijua mama huyu naye anajua hivyo. Na nilikuwa nimeshakaa Texas vya kutosha kujua kwamba dawa ya moyo haiishi, kwamba kichupa kikikaribia kuwa kitupu unarudi dukani unajaziwa, mpaka kufa kwako. Katika simu ile ya watu watatu, mimi peke yangu nilijua yote mawili. Ilitakiwa sentensi moja. Nilinyamaza, na nilinyamaza kwa ustadi, kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na maneno machache mengine kabla simu haijakatwa. Hayamo kwenye fomu. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Wanjiku.

Jumamosi nilipita Vickery Meadow nikielekea maktaba kujisomea mtihani. Taa ilikuwa nyekundu, na kutoka pale nilikiona kibaraza chake cha ghorofa ya tatu, kitenge cha buluu kimeanikwa juu ya chuma. Niliwaza kupanda. Nilikuwa na saa nzima ya ziada. Ningebisha hodi, angesema karibu, ningekaa kwenye kimoja cha vile viti visivyofanana, na safari hii ningekula. Lakini sikuwa nimempigia, na kanuni ilikataza mkalimani kwenda kwa mteja, na mambo ya mtu ni yake. Taa ikawa kijani, nikaenda kukariri mifupa ya mkono.

Jumatatu alasiri Espérance alishuka kwenye basi la shule, akapanda ngazi, akamkuta mama yake ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa amevaa viatu na mkoba uko mapajani. Alikuwa anataka kwenda mahali, na hatukujua ni wapi. Denise alinipigia akilia, akasema wananihitaji. Nilipofika, koridoo ilikuwa imejaa majirani, na yule binti amesimama katikati yao na begi la shule bado mgongoni, hajalia. Alikuwa ameshaanza kukijua Kiingereza, lakini siku ile Kiingereza chote kilimtoka. Mwanamume aliyekuja kuchukua mwili alikuwa mwenye huruma na mwenye kusema wazi, kama Wamarekani wenzake wote. Alieleza kwamba moyo ulishindwa, kwamba maji yalijaa mapafuni, kwamba hali hiyo haiji kwa siku moja, hujijenga kwa siku nyingi. Espérance akaniuliza kwa Kiswahili kama ingewezekana kutibiwa. Nikalipeleka swali. Yule bwana akamtazama binti machoni, akasema ndiyo, kama wangejua mapema. Nami nikalifasiri hilo pia. Ndiyo, kama wangejua mapema. Sikuongeza, sikupunguza.

Msibani tulikaa kwenye magodoro yale yale ambayo Denise alikuwa ameyapandisha mgongoni. Siku ya pili ofisi ya majengo ilibandika karatasi mlangoni kuhusu kelele. Denise alikuja na maua, akamkumbatia Espérance kwa muda mrefu, akakaa dakika ishirini, na nilijua kwamba kwa desturi yake amekaa sana, na aliondoka asije akaingilia majonzi ya watu. Jikoni, nikitafuta chumvi, nilikuta kile kichupa cha dawa cha rangi ya machungwa. Mama Espérance alikuwa amekiosha vizuri na kukijaza chumvi. Kwenye karatasi yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, iliandikwa kwamba kinaweza kujazwa tena mara tatu. Sebuleni mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo vile. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Wengine wakaitikia. Nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua, nikatamani kumrushia kichupa kile. Hakuficha kitu yule mama. Alikaa mlangoni mwa maneno akingoja aulizwe tena, kama alivyolelewa, kama nilivyolelewa mimi. Nikatia chumvi kwenye sufuria ya uji, nikakoroga.

Baadaye shirika lilipitia jalada. Tulikaa watatu kwenye ile ofisi yenye mimea. Msimamizi akanihakikishia kwamba nisiwe na wasiwasi, kwamba wameangalia kila kitu, na ufasiri wangu ulikuwa sahihi kabisa. Denise alikuwa na macho mekundu. "Lakini nilimuuliza," akasema. "Nilimuuliza waziwazi. Kwa nini hakusema?" Hakuwa akimuuliza msimamizi. Alinigeukia mimi, kwa sababu alidhani mimi ni wa kule na nitajua, na alitaka kujua kweli. Mtu yule kama ningemweleza angebadilisha fomu zote za shirika ndani ya wiki moja. Nikamwambia sijui. Kusema nijualo kungenilazimu kukiri kwamba nililijua siku ile pia. Wiki hiyo hiyo familia ya Kikongo ya Houston ilikuja kumchukua Espérance. Mimi niliacha ukalimani kabla mwaka haujaisha, na cheti nilikishusha ukutani, ingawa kushusha cheti hakumrudishi maiti.

Nimekuwa nesi miaka mingi sasa. Naulizwa mara kwa mara na vijana wetu wanaofika kama maadili ya watu hawa ni mabaya, nami huwajibu hapana, na si kwa unafiki. Nimeona Mmarekani akivua koti lake na kumvika mgeni asiyemjua. Nimewaona wakisema ukweli mbele ya bosi pale ambapo sisi tungemsifu kisha tukamsengenya kwenye chai. Wanasema wanachomaanisha, na wanadhani kila mtu hufanya hivyo. Sisi tunangoja kuulizwa, na tunadhani kila mtu ataona. Mtu anaweza kuishi vizuri huku, na mtu anaweza kuishi vizuri kule. Aliyekufa, alikufa katikati, mahali nilipowekwa mimi.

Jumamosi ya miadi niliondoka Carrollton asubuhi, nikaendesha kwa muda wa saa nne, na nikafika nusu saa kabla. Nilikaa garini mpaka saa nane kamili ndipo nikabonyeza kengele. Espérance alikuwa amepika. Kulikuwa na sombe, ya majani ya kugandishwa, na wali, na nyanya zilizokatwa nyembamba. Watoto walikuwa kwa rafiki. Nyumba ilikuwa safi, viti vyote vinafanana. Tulikula kidogo, akaniambia kuhusu kazi yake, na mimi kuhusu yangu, na nilipoona saa ya ukutani inakaribia nusu nikaweka kijiko chini. Nikamwambia yote. Pumzi, niliisikia. Dawa, nilielewa. Hakunikatiza.

"Kichupa nilikuwa nakiona kila siku," akasema. "Nilikuwa najua kusoma. Nilijua neno refill. I just thought imeisha, kama yeye alivyodhani." Kisha akauliza, "Na mwisho? Simu ali-cut vipi? Alisema bye?"

Hapo ndipo ningeweza kumdanganya, na alinitazama kama mtu aliye tayari kupokea uongo mzuri. Nikamwambia: Denise aliuliza kama kuna lingine. Mama yako alivuta hewa kwanza. Kisha akaniambia mimi, si Denise, "Na wewe, mwanangu, uko muzuri? Mama yako iko?"

Espérance aliufunika mdomo kwa kiganja. Alilijua swali lile. Alijua mama yake alikuwa akirudisha salamu ili aulizwe tena, kwamba hapo ndipo alipokuwa anafungua mlango.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimfasiria Denise alichoniuliza. Denise akacheka, akasema ni jambo tamu, anamtakia wikendi njema." Nikamalizia. "Nikamtakia wikendi njema. Nikakata."

Aliweka mikono yote miwili mezani. Nilikuwa tayari. Nilitaka anipige kofi, nilitaka apige yowe majirani watoke, anitukane mimi na mama yangu ambaye mama yake alimuulizia hali. Alivuta pumzi, akasogeza kiti nyuma. "Thank you for being honest," akasema. "I know that was hard for you." Akachukua sahani yangu, akauliza kama ningependa kufungiwa chakula kilichobaki, akakifunga kwenye chombo cha plastiki na kukikaza mfuniko pande zote nne. Ile saa aliyonipa ilikuwa imebakiza dakika kumi, naye akaenda kuchukua funguo za gari, watoto wanangoja. Nilimwambia Espérance, mwanangu, sema chochote. Akatikisa kichwa, akatabasamu tabasamu lile la wahudumu wa kaunta dukani, akaniambia niendeshe salama.

Kwetu ningetukanwa hadi jioni, kisha mtu angenitupia kitambaa niende nikaoshe vyombo. Pale nilishukuriwa, na mlango ukafungwa taratibu nyuma yangu.